Sindano Niliyoificha Mbele ya Eksirei

Mimi ni mama wa Mtopanga, nimesoma hadi sekondari ya misheni. Mwanangu Sidi alikuwa na miezi minne nilipougua. Kabla ya hapo nilikuwa nalima mihogo mtoto mgongoni, na jioni nawasomea majirani barua zao. Nayaandika haya kwa wanawake wenzangu, na hasira bado ninayo.

Kilianza kichomi ubavu wa kulia. Siku ya tatu nikawa nakohoa makohozi ya rangi ya kutu. Mavyaa, mamake mume wangu, akasema nimetupiwa jicho la husuda kwa wingi wa maziwa yangu. Yeye Mkristo, mimi Mkristo, na bado akanifunga hirizi: kamba chini ya matiti, kifuko cheusi mgongoni. Ndani mna sindano, maana fundi wa hirizi huiacha humo humo sindano aliyoshonea. Nikaivaa. Homa ikanipika siku nane, hadi mume wangu, Kazungu, alipochoka kumsikiliza mamake akaenda kutafuta gari.

Hospitalini hata kukaa sikuweza. Daktari akanigonga mgongo kwa vidole, juu ya kanga, akasema, "Huyu hasogezwi. Leteni mashine hapa."

Mwanamke wa kitanda cha pili, mtu wa mtaa wa Shika Adabu, akaninong'oneza, "Mwenzangu, mashine haimfuati mzima. Aliyekutangulia kitanda hicho naye alifuatwa."

"Akapona?"

"Akaondoka," akasema, akajifunika shuka.

Nikasikia magurudumu yakikwaruza sakafu. Lile dude lilikuwa na shingo ndefu ya chuma, likainamishwa juu ya kifua changu. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nesi akauliza, "Una chuma chochote mwilini? Pini? Mkufu?"

Niliona haya. Mimi ndiye msomaji wa Biblia wa mtaa mzima. "Sina," nikasema.

Wakanisukumia bamba la baridi chini ya mgongo. Bwana wa eksirei, mzee mwenye mvi, akasema, "Vuta pumzi, mama. Izuie hapo hapo." Kuvuta kulikuwa kama kuchomwa kisu. Nesi akatoka mbio. Kama haina madhara, mbona yeye anakimbia? Akilini nikamwona Sidi akinyonya maziwa yaliyoungua. Mashine ikanguruma, ikanyamaza.

Daktari alirudi na picha ingali inadondoka maji. "Pana sindano karibu na pafu," akamwambia Kazungu. "Kesho asubuhi tunampasua."

Kazungu akanigeukia, midomo imemkauka. "Ulimeza sindano?"

Mavyaa, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, akanifinya mguu. "Nyamaza. Utatuaibisha mbele ya watu."

"Nipasuliwe kifua kwa ajili ya aibu yako? Nikifa, Sidi atanyonya hicho kifuko?" Nilipiga kelele hadi nikakohoa damu. Nikaivuta kamba hadi ikakatika, nikakiinua kifuko. "Daktari, sindano yako hii hapa. Mimi ndiye niliyedanganya."

Daktari akakipokea kifuko. Yule mzee hakunikemea. Alisema, "Pole, mama, tuanze tena," akairudisha mashine yake.

Picha ya pili ikaonyesha usaha umejaa upande wote wa kulia. Wakanikalisha, Kazungu akanishika mabega, wakanitoboa katikati ya mbavu. Ukatoka mzito kama uji, unanuka. Nikavuta pumzi iliyofika chini, ya kwanza baada ya siku nyingi, nikalia.

Nilikaa huko wiki sita. Niliporudi, Sidi alinitazama kama mgeni. Matiti yalikuwa yamelegea. Alilikataa titi siku mbili nzima. Ya tatu akalishika, na tone likatoka.

Namshukuru Mungu, na yule mzee wa eksirei. Mavyaa nimemsamehe nusu. Ninyi wenzangu, mkiulizwa hospitalini semeni kweli, hata uso ukiwaka kwa haya. Na kichomi kikianza, usingoje mtu akupe ruhusa ya kuumwa. Jifunge kanga, uende.