Picha ya Kwenye Pakiti

Miaka ishirini na sita mume wangu alilaza mapaja ya ng'ombe kwenye chumvi. Aliyageuza kila siku, akayaning'iniza miezi mitano, na siku ya kuyatoa aliyabonyeza kwa kidole gumba. Kidole chenyewe kilishakufa ganzi, lakini paja lisilokauka halikuwahi kumdanganya.

Halafu tajiri mwenye kiwanda akafa, mwanawe akaleta mashine ya sindano. Inaidunga nyama maji ya chumvi, siku nne tu, tayari. Mume wangu akapelekwa getini kufungulia magari. Ila kwanza walimvisha kofia nyeupe iliyomfunika hadi kwenye nyusi, wakampiga picha anacheka, eti ya kumbukumbu. Kumbukumbu gani! Wameibandika kwenye pakiti za bei mbaya: imekaushwa kwa mkono, miezi mitano.

Jumapili mdogo wangu alipokea wakwe watarajiwa wa bintiye. Alitusihi tusitaje habari za geti, tusije tukamwaibisha. Akaandaa nyama hiyohiyo ya picha, vipande vyembamba, maringo tele. Baba mkwe, mtu wa maswali, akauliza kama kweli inastahili bei mara mbili ya ile ya kawaida.

Mume wangu alitafuna taratibu, akameza. Namjua, hapo hawezi kunyamaza.

"Ya miezi mitano inastahili," alisema. "Hii ni ya siku nne. Imejaa maji."

Mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Mgeni akacheka kwa adabu, akamgeuzia pakiti.

"Mzee, kwani wewe unajua kumshinda huyu? Fundi mwenyewe huyo hapo."

Mume wangu akajitazama kwenye pakiti. Kisha akanigeukia mimi, mkewe, niliyempaka mafuta vidole vilivyopasuka kwa chumvi miaka yote hiyo. Neno langu moja tu lingetosha, kwamba ndiye yeye.

Nikamwona yule binti, macho yanamtoka kwa wasiwasi. Nikasema, "Jamani kuleni, nyama tamu hiyo."

Hasira niliyonayo mpaka leo si ya mwana wa tajiri peke yake. Najichukia pia.

Tuliporudi nyumbani nilichukua kopo la mafuta kama kawaida, nikamshika mkono. Akautoa polepole.

"Acha," alisema. "Kampake yule wa kwenye pakiti."