Shati la Kazi Kwenye Kamba

Jamani, kuna siku nilitaka kumpiga mama mkwe wangu. Mama mzima, mwenye magoti mabovu, mjane kama mimi.

Kosa lake? Alifua shati.

Ngoja nianze vizuri msije mkanitukana bure.

Mimi nina mdomo. Saluni ninakosuka nywele wananiita Pilipili, na sikatai. Mteja akinizingua nampa zake hapo hapo, na chenji juu.

Aliyekuwa ananituliza ni mume wangu. Fundi magari, mpole mpaka anakera. Nikifoka yeye anacheka tu: "Pilipili, umemaliza? Haya, nipe chai."

Asubuhi moja alitoka kwenda gereji. Lori likamgonga hata hajafika barabara kubwa. Nilipigiwa simu nikiwa na kitana mkononi.

Baada ya mazishi watu wakatawanyika. Tukabaki mimi na mama yake, vyumba viwili, kimya tupu.

Nyuma ya mlango lilibaki shati lake la kazi. Chafu, lina oili kifuani, lina jasho lake. Nikalitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga fundo gumu ili harufu isitoke, nikaficha chini ya godoro. Kila nikirudi kutoka kazini nafungua kidogo, nanusa, nalia, nafunga. Nilikuwa namwambia nimerudi.

Sikumwambia mtu mwingine. Na mama mkwe wangu ni dobi. Amelea watoto wake kwa kuwafulia watu. Doa kwake ni uchokozi.

Sasa siku hiyo ilishaanza vibaya. Nimemsuka mteja tangu asubuhi, namaliza, anajitazama kwenye kioo: "Zinanibana. Fumua zote."

Zote! Nikafumua huku nasaga meno. Nafika nyumbani damu inachemka, naingia uani.

Shati liko kwenye kamba. Linachuruzika maji.

Nililikimbilia nikalibandika usoni. Sabuni. Sabuni tupu. Nikahisi mume wangu amekufa tena.

Mama alikuwa kwenye kigoda, ananitazama. Maneno yalishanifika kwenye ulimi: nani kakutuma, nani kakwambia ushike vitu vyangu! Nilikuwa nayo mengi, na mabaya yote.

Halafu nikaona vidole vyake. Vimechubuka, viwili vinatoka damu.

Nikayameza yale maneno. Sijui nguvu ile niliitoa wapi, mimi huyu huyu.

"Mama," nikasema, "mbona umejitesa hivi?"

Akaanza kulia. Tangu msiba sikuwahi kumwona akilia.

"Jumapili ile, mwanangu, siku moja kabla hajafa, alinijia na shati hili. Akasema, mama, nisaidie hili doa, limenishinda. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikamfokea. Nikamwambia, nimefulia watu mpaka nimezeeka, na wewe mtu mzima unaniletea oili zako? Jifulie! Akacheka. Akasema, basi mama, pumzika. Akaenda kulitundika."

Akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Nimelitafuta nyumba nzima. Leo natandika kitanda chako, nikalikuta. Nimesugua tangu asubuhi."

Bado nimelikumbatia shati, limenilowesha kifua.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, anaogopa jibu: "Limetakata?"

Nikalitazama. Doa halikuwepo. Hakikuwepo chochote.

"Limetakata, mama. Utadhani jipya."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Angefurahi."

Akashusha pumzi ndefu. Mimi nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikauma taulo nikalia.

Mpaka leo hajui ule mfuko niliufunga kwa nini, na hatajua kwangu.

Wenzangu wenye midomo, siwaambii msikasirike. Mimi mwenyewe jana tu nimegombana na mwenye duka. Ila mtu akikuudhi, uliza kwanza, hata kama unatetemeka. Ningefoka siku ile, mama angekufa na yale maneno yake ya Jumapili, na juu yake yangu. Mwanawe aliyemfokea hakurudi tena ili amwombe msamaha. Mimi, niliyetaka kumfokea alikuwa bado yuko pale, kwenye kigoda.

Shati nimempa yeye. Kila Jumapili analipiga pasi, kola mpaka mikono, halafu analitundika pale pale nyuma ya mlango.