Wanyama wa Ugali

Binti yangu ana miaka miwili na haniamini. Nikimwekea sahani, anaitazama kwanza kwa upande, jinsi askari wa barabarani anavyotazama leseni, kisha ananitazama mimi, kisha anairudia sahani. Juzi nilimtengenezea kobe. Nilikuwa nimeona kwenye simu mama mmoja mwenye jikoni safi ajabu akifinyanga wali na karoti, na mtoto wake anakula huku anacheka. Huyo mama simwamini, na kicheko cha huyo mtoto pia nina shaka nacho, lakini nilikuwa nimeishiwa na mbinu. Nikafinyanga ugali, nikamvika gamba la sukuma wiki, nikamtia macho ya njegere. Binti yangu akambonyeza kobe mgongoni kwa kidole, akampasua katikati aone kuna nini ndani. Ndani kulikuwa na ini, nililokuwa nimelisaga na kulificha. Akaniangalia kama mtu aliyeshika mwizi.

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, hapo hapo katika chumba chetu cha Kaptembwo, hapa Nakuru, kwa sababu macho yale nayajua. Ni yangu. Ndiyo niliyomtazamia nyanya yangu kule Kuresoi, akifinyanga ugali huku ametugeuzia mgongo.

Kama hujawahi kuishi Kuresoi, usidanganywe na wanaosema Rift Valley yote ni joto. Kule asubuhi tulikuwa tunatoka nje hatuoni hata choo kilipo kwa sababu ya ukungu. Viazi vilikuwa kila mahali: shambani, kwenye magunia kando ya barabara, chini ya kitanda, ndani ya sufuria tangu asubuhi. Jiko la nyanya lilikuwa kibanda cha peke yake, cha udongo, na moshi wake uliingia kwenye sweta zetu ukakaa huko hata zikifuliwa. Mama yetu alikuwa ameenda Mai Mahiu kupikia madereva wa malori katika hoteli ya kando ya barabara, akatuacha kwa nyanya, mimi nikiwa na miaka minane hivi na ndugu yangu akiwa na miwili.

Ndugu yangu alikuwa na shida mbili. Alikuwa hali, na alikuwa haongei. Wenzake wa umri ule walikuwa wanaita mama, wanaita maji, wanatukana hata. Yeye kimya. Ukimpa ugali anaushika mkononi mpaka unakuwa mweusi, halafu anampa mbwa. Kwenye zahanati nesi alimpima uzito, akatia alama kwenye kadi, na hata mimi niliona kwamba alama zilikuwa zinashuka. Nesi akasema anataka kuongea na nyanya. Nyanya akanituma nje nikaangalie kama mvua inakuja. Sasa, mvua ya Kuresoi inakuja kila siku, haihitaji mtu wa kuiangalia. Nikajua kuna jambo.

Jioni ile ile wanyama wakaanza. Nyanya aliupakua ugali, akalowesha viganja kwa maji baridi, akatugeuzia mgongo, na alipogeuka tena alikuwa ameshika ng'ombe. Alikuwa na pembe na matiti na macho ya maharagwe. Kesho yake akaja kondoo, na huyo alimviringisha juu ya gunzi la mahindi mpaka akaota sufu. Kisha mbuzi, kisha mbwa aliyefanana na wetu hata kwa sikio lililokatika. Kabla ya kumpa mtoto, nyanya alimshika mnyama mbele ya uso wake na kumuuliza, "Huyu anasema aje?" Mtoto hakujibu. Basi nyanya, mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha kila Jumapili, alijibu mwenyewe. Alilia kama ng'ombe. Alibweka. Mimi niliona aibu nikatazama mlango kama kuna mtu anasikia.

Na ndugu yangu alikula. Alianza na kichwa, akamaliza na mkia, akanyoosha mkono aongezwe.

Ungefikiri ningefurahi. Mimi nilishuku. Kwanza, mimi ugali wangu ulikuwa bonge tu, hauna hata mguu. Niliomba nifanyiwe sungura, kwa sababu sungura ndiye mnyama niliyempenda, na nyanya akasema, "Huyo hapana," bila kutoa sababu. Pili, kwa nini ageuze mgongo? Mtu anayefinyanga ng'ombe ana siri gani? Tatu, kulikuwa na habari ya mayai.

Kuokota mayai ilikuwa kazi yangu. Niliwajua kuku wa nyanya mmoja mmoja na mahali kila mmoja alipojificha kutaga, na nilijua niliweka mangapi kwenye kikapu. Kuanzia wiki ile ya wanyama, kila siku yai moja lilipotea. Nilimshuku kicheche. Nilimshuku mbwa, nikamnusa mdomo. Mwishowe nikamshuku jirani yetu, mama mmoja wa upande wa pili wa ua, aliyekuja kwetu kuomba moto na kuondoka na mkono chini ya leso. Nilimfuata mtoni, nilimfuata dukani, nilikaa nyuma ya ua wake nikihesabu kuku wake wanavyolia. Sikupata kitu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi moja nikitoa majivu jikoni niliona kitu cheupe. Lilikuwa ganda la yai, limesagwa na kuzikwa chini kabisa, na aliyelizika hakutaka lionekane. Siku hiyo sikutoka jikoni. Nilijifanya nachambua maharagwe, na nikaona nyanya akichopoa yai kutoka chini ya viazi vilivyokuwa vinachemka. Ugali ulipoiva akageuza mgongo. Nilingoja ng'ombe afike mkononi mwa ndugu yangu, nikamkata kipande cha tumbo kabla hajamuuma. Ndani alikuwa wa manjano.

Labda wewe unasema, yai ni nini, si ni chakula? Kwetu mtoto ambaye hajaanza kuongea alikuwa hapewi yai. Walisema yai halina mdomo, limefungwa pande zote, na mtoto akilila naye atafungika, hataongea maisha yake yote. Hilo halikuwa jambo la kubishaniwa. Mwalimu wangu alilijua, na mama yangu, na mimi. Na nyanya alilijua kuliko sisi wote, kwa maana ndiye aliyenifundisha. Sasa ndugu yangu, ambaye tayari alikuwa kimya, alikuwa analishwa ububu kila jioni na mtu aliyetupenda. Nilimwogopa nyanya yangu.

Ningemuuliza yeye mwenyewe, lakini anayeshuku haulizi, huchunguza. Na jirani naye alikuwa amenichunguza mimi. Alinikamata kisimani, akaniuliza kwa nini namfuatafuata kama deni. Nikaogopa kuitwa mwizi, na ili nijisafishe nikamwambia yote: mayai, majivu, tumbo la ng'ombe. Aliweka mtungi chini. Alisema alikuwa ameshangaa jinsi mtoto alivyonenepa ghafla. Akaniambia nisimwambie mtu, naye akaenda kuwaambia watu. Mdomo uliponza kichwa, ila kilichoponzwa hakikuwa kichwa changu.

Habari ilisafiri na lori la viazi hadi Mai Mahiu. Jumamosi iliyofuata, mchana, mama akashuka kwenye lori jingine akiwa bado na aproni ya hoteli. Hakuketi, hakunywa chai. Jirani alisimama uani akijifanya anatafuta kuku. Mama aliuliza kama ni ukweli mtoto anapewa mayai, na nyanya hakukataa. Aliingia ndani akatoa kadi ya kliniki, akampa, akamwonyesha kwa kidole mahali alama zilipokuwa zinashuka na mahali zilipoanza kupanda.

Mama alizifuata alama mpaka ya mwisho. "Na akikosa kuongea?" akauliza.

"Akikosa kuongea nitamwongelea mimi," nyanya akasema. "Lakini akikosa kula, nitamwongelea nani?"

Mama alilia. Alisema watu watasema alimwacha mtoto wake akaharibiwa. Alisema atarudi viazi vikishachimbwa, na kama mtoto hatakuwa na hata neno moja, atamchukua. Sote tulijua alichomaanisha. Kule hotelini alianza kazi kabla ya jua, na mtoto wa miaka miwili angeshinda kati ya masufuria ya moto na malori yanayorudi nyuma bila kutazama. Nyanya aliitikia kwa kichwa. Nilimwona akishika mwimo wa mlango, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye alikuwa anaogopa. Alikuwa anaiamini ile habari ya yai kama sisi. Aliiamini, na bado yai alilichemsha.

Hakuna aliyeuliza nani alisema. Mimi niliinamia maharagwe yangu.

Kesho yake jioni nyanya alifinyanga bila kugeuza mgongo. Alimtengenezea ndugu yangu kondoo, halafu akalowesha tena viganja, akafinyanga kuku, akamtia mdomo wa punje mbili za mahindi, ulio wazi kabisa. Akaniwekea mimi. Nilimpasua, na ndani kulikuwa na yai zima. Sikuwahi kupewa yai zima peke yangu isipokuwa Krismasi. Nilimla kuku yule nikijua kwamba nimesalimika, kwamba nyanya hajui lolote, na hata ananipenda kidogo zaidi kuliko jana.

Viazi vya kuchimba vilikuwa vimebaki matuta machache nilipomsikia ndugu yangu. Nyanya alikuwa amemshikia kondoo mbele ya uso na kuuliza swali lake la kila siku, na mtoto akasema, "Mee." Mimi nilidhani amekwamwa na kitu kooni, nikampiga mgongoni. Akasema tena, kwa hasira, akinitazama mimi. Nyanya aliweka sahani chini akatoka nje, akasimama kwenye ukungu akiwa ametugeuzia mgongo, na mara hiyo nilijua kwa nini. Mama alipokuja alilakiwa na ng'ombe, mbuzi, mbwa na kondoo, wote kutoka kwa mdomo mmoja. Alirudi Mai Mahiu peke yake, na wanyama wakaendelea mpaka ndugu yangu alipoanza shule.

Leo ndugu yangu anauza viatu vya mitumba mjini Nakuru kwa kipaza sauti, na wanunuzi humwomba anyamaze wapate kufikiri. Siku ile ya kobe alipitia kwangu saa ya chakula cha mchana. Akamkuta mpwa wake amekunja mikono na kobe amelala amepasuliwa. Akamwinua kobe, akamshika mbele ya uso wa mtoto.

"Na huyu anasema aje?"

Binti yangu akanitazama mimi.

"Kobe haongei," nikasema.

"Basi hiyo si chakula ya nyanya," akasema, akala ini lote.

Aliondoka, mimi nikabaki nimesimama na mwiko mkononi. Ng'ombe, kondoo, mbuzi, mbwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona. Hakufinyanga samaki, hakufinyanga kipepeo, wala kobe. Sungura nilimlilia na akanikatalia. Yai lilikuwa ndani kwa ajili ya mwili, na kwa vile aliogopa lingemfunga mtoto mdomo, kila siku alilivisha mnyama mwenye sauti. Hakuwa na mtu wa kumuuliza kama dawa hiyo inafanya kazi. Aliibuni mwenyewe, akabweka na kulia mbele ya sufuria, mimi nikimwonea aibu.

Nyanya ametangulia. Jiko lile lilibomolewa, na pale mafiga yalipokuwa pamesimama stoo ya mabati ya kuwekea viazi vya mjomba. Jirani naye hayuko, na siku hizi nesi anawaambia kina mama waziwazi wawape watoto mayai, wala hakuna anayefukia ganda. Nakiri kwamba nilipofika hapo katika kufikiri nilitaka kuacha, nimfinyangie binti yangu kitu kingine, nikafikiria ni nani mwingine anayepiga kelele. Viganja vilikuwa tayari vimelowa. Nikaanza kuku.

Ndipo nikamkumbuka kuku wangu. Kuku mmoja tu, aliyefinyangwa mara moja tu, siku iliyofuata ile ya mama kuja, na mdomo wake wazi. Kuku akitaga, rafiki yangu, hanyamazi. Hupiga kelele boma lote lijue yai liko wapi. Nyanya aliniwekea mimi sahani ile akakaa kando, akanitazama nikila mpaka nikamaliza, na hakusema neno juu ya jambo lile, siku ile wala siku nyingine mpaka alipokufa.

Mimi ninayeshuku kila kitu, siku hiyo peke yake sikushuku. Nilimwomba aniongezee chumvi.