Madamu Kasoro Anunua Tela

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila mtaani na kazini lilikuwa limeshasahaulika. Watu walimwita Madamu Kasoro. Walimwita hivyo akiwa hayupo, naye alijua, na wala hakujali, kwa kuwa hao waliomwita hivyo aliwaona makapi tu.

Kazi yake ilikuwa kukodisha vifaa vya kupigia kambi: mahema, magodoro ya kujaza upepo, majiko ya gesi, viti vya kukunja, na zile pikipiki za magurudumu manne ambazo watu wazima wa mjini huzipanda vilimani wakipiga mayowe kama watoto kwenye bembea. Wateja wake aliwadharau wote bila ubaguzi. Mtu ana kitanda chake, ana paa lake, kisha analipa ili akalale chini achomwe na mawe mgongoni! Lakini mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, na Madamu Kasoro hakuwa na haraka ya kumwerevusha mtu.

Dereva wake alikuwa mumewe, mtu mrefu, mpole, mwenye neno moja. Ukimwambia tuondoke, sawa. Ukimwambia tusiondoke, sawa. Alipoolewa, Madamu Kasoro alidhani amepata mume msikivu. Miaka ilivyokwenda akaona amepata ukuta uliovaa suruali. Fundi wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye watu walimwita Injinia, ingawa chuo cha ufundi alikiona kwa nje tu, akipita kwenda kucheza mpira.

Vifaa vyote hivyo vilibebwa kwenye tela la wazi lililofunikwa turubai. Siku moja walikuwa wakiwapeleka wafanyakazi wa ofisi fulani kambini, mvua ikawakuta njiani, na turubai alilolifunga Injinia likang'oka likaenda zake porini. Walipofika, mahema yalikuwa yamekunywa maji hadi yakavimbiwa. Wateja walilala ndani ya magari yao wamekaa wima, na asubuhi hata chai waliikataa.

"Dada, upepo ule haukuwa wa kawaida," alijitetea Injinia.

"Upepo ulikuwa wa kawaida. Asiye wa kawaida ni wewe."

Ndipo akaamua kununua tela la kufungwa, lenye kuta na paa na mlango wa kufuli. Wakaenda wote watatu kwenye yadi ya matela, nje kidogo ya mji, mahali palipomwagwa kokoto na kuzungushiwa waya.

Muuzaji alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha, anayenukia marashi kama aliyeyaoga. Akampa mkono mume, "Karibu mzee!" Akampa mkono Injinia, "Karibu bosi!" Kisha akamgeukia mwanamke. "Mama, kuna kiti pale kivulini, upumzike."

Madamu Kasoro akakitazama kiti, akamtazama kijana kuanzia juu hadi chini kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi, halafu akapita kati yao akayaendea matela.

La kwanza lilikuwa jeupe, linang'aa, na taa za buluu zimezunguka paa lote. Injinia alilipenda papo hapo.

"Dada, ona taa! Na kuna droo ya jiko, unaivuta hivi."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili limewashiwa taa mchana, jua limewaka. Kwa nini?" Akainama chini ya tela. "Pikipiki zote zile juu ya ekseli moja? Kwanza hebu ingia, urukeruke."

Injinia akaingia, akaruka. Sakafu ikabonyea kama godoro. Madamu Kasoro akasonya.

"Mchagua nazi hupata koroma, dada."

"Na asiyechagua hupata kumbi tupu. Twende."

La pili lilikuwa jeusi, refu, zito, halina hata tundu moja la hewa. Akauliza mvuke wa petroli ya pikipiki utatokea wapi, au wateja walale kwenye mahema yanayonuka kama kituo cha mafuta?

"Harufu huondoka yenyewe, mama," alisema muuzaji.

"Itaondokaje? Itapiga hodi ifunguliwe?"

La tatu liliegeshwa nyuma kabisa, la kijivu, lenye vumbi na kibonyeo ubavuni. Lilikuwa na ekseli mbili, matundu ya hewa pande zote, pete za chuma za kufungia mizigo, na mlango wa nyuma ulioshuka chini ukawa daraja la kupandishia pikipiki. Akaingia ndani, akapiga sakafu kwa kisigino. Ikajibu kwa sauti nene.

"Nifungieni," akasema.

"Mama?"

"Funga mlango. Mwanga ukipenya, na maji yatapenya."

Wakamfungia. Akasimama gizani, akageuka taratibu akikagua kila pembe, na hakuona hata uzi wa mwanga isipokuwa kwenye matundu yenyewe. Kifuani alihisi kitu kilichokaribia sana kuwa mapenzi. Lakini matundu yale yaliingiza hewa na yaliingiza sauti pia.

"Mzee," ilikuwa sauti ya muuzaji, "unaishije na mtu kama huyu?"

Injinia akacheka. "Hata marehemu mama yetu alikuwa akimwogopa."

Madamu Kasoro akangoja. Alijua ukuta hauna maneno. Lakini mumewe akasema, tena kwa raha, "Ukishamzoea hana shida. Kwake kila kitu kibaya. Hata mimi alinichukua kwa sababu wachumba waliobaki walikuwa wabaya zaidi."

Wakaangua kicheko wote watatu.

Ulikuwa ukweli mtupu. Mmoja wa wale wachumba alikuwa akitafuna huku anaongea, na mwingine hakuweza kununua hata soksi bila kumuuliza mama yake. Kilichomuuma ni kingine. Katika miaka yote ya ndoa, yeye hakuwahi kupewa maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, na leo yamemwagwa mbele ya kijana wa marashi.

Akagonga. Akafunguliwa, akatoka, uso mkavu.

"Nachukua lile jeupe," akasema.

Injinia akapiga makofi. Muuzaji akakimbilia ofisini kutafuta kalamu. Madamu Kasoro akamgeukia mumewe. "Wewe unasemaje?"

"Sawa."

Dharau ikampanda hadi kooni. Hata sasa! Hata kwa boksi la bati lenye sakafu ya godoro! Akachukua mkoba wake, akaenda kukaa ndani ya gari, wenzake wakamfuata, na muuzaji aliporudi na karatasi zake alikuta geti liko wazi na vumbi.

Nyumbani hakusema na mtu. Sufuria ndizo zilizosema, kwa jinsi zilivyotuliwa. Mumewe alipoingia jikoni kunawa mikono, Madamu Kasoro akashindwa kuvumilia.

"Ungeniacha ninunue takataka ile?"

"Hukuwa na nia ya kuinunua, mama watoto. Ulishaisonya."

"Na kama ningeinunua?"

Mume akajifuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine. "Ningekwambia hapana, ungeinunua palepale. Sasa hivi ingekuwa hapo nje inawaka taa."

Akili ya Madamu Kasoro ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma yenyewe. Nyumba ile ya bondeni aliyoitaka, mume akasema sawa, na yeye akaiacha mwenyewe. Mwaka uliofuata mafuriko yakaizoa. Basi bovu alilotaka kulinunua. Duka aliloishia kuliona halifai. Kila mahali alipojiona ameamua peke yake, palikuwa na "sawa" moja imesimama pembeni imefunga mikono.

"Kwa hiyo miaka yote hii umekuwa ukinichunga kama mbuzi?"

"Mbuzi anachungika," akajibu mumewe.

Akamtupia kitambaa cha vyombo, kikamwangukia begani. Dharau aliijua kwa mapana na marefu, maana alikuwa mpishi wake. Kulishwa hakuwa amewahi, hadi leo. Akakaa kwenye kigoda.

Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, "Ukiona nakosea, niambie. Mdomoni."

"Haya. Lile la kijivu mpira wake wa nyuma kushoto umepasuka ubavuni. Hukuuona."

"Niliuona!"

"Hukuuona."

Walibishana hadi mboga ikaungua. Kesho yake wakarudi yadi. Mpira ulikuwa umepasuka kweli. Wakamfanya muuzaji aubadilishe kwa mikono yake, marashi na jasho vikagombana, na wakaondoka na la kijivu.

Safari ya kwanza mvua ilinyesha tangu wanatoka mjini. Walipofungua mlango kambini, mahema yalikuwa makavu kama unga. Hakuna mteja aliyeshukuru, na Madamu Kasoro hakutegemea shukrani kutoka kwa watu wanaolipia kulala chini. Mvua ilipokatika akakunjua kiti akaketi, akawatazama wakizunguka kilimani na pikipiki, mayowe juu.

Mumewe akaja na vikombe viwili, akaketi karibu naye. Akatazama kidogo, kisha akasema polepole, "Yule mwenye kofia anaendesha kama anayekimbia kunyolewa."

Madamu Kasoro akageuka akamtazama. "Na huyu mnene?"

"Huyo haendeshi. Pikipiki imemhurumia tu."

Akacheka hadi chai ikammwagikia gauni. Wakakaa pale alasiri nzima, wakiwachambua wateja wao mmoja baada ya mwingine, wala hawakumhurumia hata mmoja.