Mshono Chini ya Mkono

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, nilipopanda ngazi za studio ndogo ya michezo ya kompyuta huko Anderlecht, Ubelgiji. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa bado napakia masanduku katika ghala la mtaa wa pili. Kuchora maumbo ya pande tatu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kompyuta kuukuu. Mkuu wa picha, Mbelgiji Mflemi mrefu asiyependa maneno mengi, alitazama saa, akanionyesha kiti, akasema nina wiki mbili za majaribio. Nikishindwa, ningerudi kwenye masanduku.

Leo vijana mnaweza kumjenga mtu mmoja kwa pembetatu milioni, vile vipande vidogo vinavyounganishwa kuwa umbo. Sisi tulipewa mia tano. Vidole vilishikana na kichwa kilikuwa kama katoni iliyobonyezwa. Uzuri wote ulitoka kwenye picha bapa iliyovalishwa juu ya umbo. Ili ikae, ilibidi kwanza kulipasua umbo na kulilaza chini. Kazi hiyo tuliiita kwa Kifaransa dépliage, yaani kukunjua.

Nilipewa mwanamke muuza samaki, aliyevaa kitenge chenye ndege wakubwa. Nilifuata vitabu: picha moja mbele, nyingine nyuma. Kutoka mbele alipendeza. Alipogeuka, ndege wa mabegani na mbavuni walivutika wakawa michirizi.

“Huyu ni ndege au soksi?” mkuu aliuliza.

Niliomba picha kubwa zaidi. Alikataa, na alikuwa na haki, kwa sababu nafasi katika mashine ilikuwa imejaa. Alisema ataangalia tena Ijumaa, siku ya mwisho ya majaribio yangu.

Wakati huo niliishi kwa mdogo wake mama, mshonaji kutoka Bukavu. Jumatano jioni niliweka mezani karatasi zenye sura ya yule mwanamke. Mama Mdogo alizitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

“Bon, huyu maman ulimubandika nguo kama gazeti ku chupa. Nani anavalaka hivi?”

Nilimweleza kwamba tatizo ni kitambaa.

“Kitambala haina kosa, mutoto yangu. Ni makasi yako. Mushono inaendaka kwenye watu hawaangalie.”

Alitaka kunionyesha kwa kitambaa halisi, lakini mabaki yake ya kushonea yalikuwa vipande vidogo mno kwa ndege wa ukubwa ule. Akafungua kabati, akatoa kitenge cha kwaya yake, chenye ndege kama wale, kipya, kilichongoja kushonwa kwa ajili ya Pasaka. Nilimwomba asikiguse. Mkasi ulikuwa umeshaingia. Alinisimamisha sebuleni akakata juu ya mwili wangu: mshono chini ya kila mkono, mmoja mgongoni, bega zima bila kuguswa. Kichwa cha ndege upande huu kilikutana na shingo yake upande wa pili. Kwapani tu hapakulingana.

“Hapa ikiharibika, iharibike,” alisema. “Nani ataangalia mu kwapa ya maman?”

Alhamisi nilimpasua muuza samaki upya, palepale alipokata Mama Mdogo. Ijumaa mkuu alimzungusha polepole kwenye kioo cha kompyuta. Akamzungusha tena.

“Mshono uko wapi?”

“Chini ya mkono.”

Aliuinua mkono, akauona, akatabasamu. Aliuliza nani kanifundisha. Nikasema mama yangu mdogo, anashona.

“Asije kuomba kazi hapa, nitakufukuza wewe,” alisema. “Jumatatu, saa tatu. Si saa tatu na dakika kumi.”

Baadaye nilihamia studio mbili nyingine. Mkuu wa ufundi wa studio ya pili alinifundisha mwanga, na mikunjo ya nguo ikaacha kupakwa kwa brashi, ikaanza kutupa vivuli vyake yenyewe. Katika ya tatu, kamera zilimpiga picha mtu halisi kutoka kila upande, na programu ikamkunjua yenyewe. Sikusikitika. Saa tulizookoa tulizipeleka kwenye macho na mikono, na watu wetu wakaanza kuonekana wanapumua. Vijana ninaowafundisha Jumamosi huko Berchem nawaambia jambo moja tu: mgeuzeni mtu wenu, mtazame mashine imeweka mshono wapi. Wanafanya kazi nzuri kuliko yangu.

Mwaka huu nimestaafu. Mama Mdogo bado anashona. Pasaka ile alisimama mstari wa nyuma wa kwaya, blauzi nyeupe kati ya ndege wengi, akaimba kuliko wote, na hakukubali nimnunulie kitenge kingine. Katika miaka yote ya kazi naijua hasara hiyo moja: kitenge cha yadi sita, faranga elfu mbili na mia tano za Ubelgiji.