Kisima cha Um Rakan

Katika mji wetu huu mdogo nje ya Madaba hakuna mkono unaokata jiwe kama wangu, na anayebisha aje na nyundo yake. Shule nilifika darasa la tano, na hilo la tano nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukihesabu vizuri ni la sita. Lakini leo siandiki habari zangu. Naandika za Um Rakan, kwa sababu nimekasirika, na tangu Jumamosi iliyopita sijapoa.

Um Rakan alifundisha wasichana kuchora kwa miaka ishirini na saba. Alipostaafu, wenzake walikaa vibarazani kunywa chai na kuwasengenya wakwe zao. Yeye alikwenda kuomba ufunguo wa Nyumba ya Historia, ambayo siku hizo ilikuwa na historia ya viti vilivyovunjika na paka wawili. Akaifagia. Akaniita nimtengenezee meza. Kisha kila Jumamosi zikaanza kuja shule, na familia nzima nzima, kujifunza kupanga picha za vijiwe kama zile zilizolala sakafuni mwa makanisa yetu ya kale. Ila picha yao ilikuwa ya mji wetu wenyewe, kama wazee walivyoukumbuka.

Sharti lake lilikuwa moja. Kila familia ilete jiwe la nyumbani kwake, na kabla halijakatwa lisimuliwe.

"La wapi hili?"

"La kizingiti cha bibi, mwalimu."

"Bibi alifanya nini hapo kizingitini?"

"Mh. Sijui."

"Basi rudi nalo. Kaulize, ndipo uje."

Nilimwona kwa macho yangu dereva wa lori, mtu na masharubu yake, akirudishwa mara tatu na jiwe kwapani kama mtoto aliyesahau daftari. Mara ya nne alikuja na kisa kilichowaliza akina mama wote. Um Rakan akakiandika katika kitabu chake cha jalada jekundu, ndipo akanisukumia jiwe. "Kata."

Miaka miwili wakapanga, familia arobaini. Upande mmoja wa picha, ngano. Katikati, nyumba na tanuri la mkate. Upande wa pili, kisima. Na kisima hicho ndicho kilicholeta balaa.

Mwaka wa kiu, bibi zetu wasimulia, mkubwa mmoja alikifunga kisima kwa kufuli ili farasi wake wanywe peke yao. Wanawake wakatoka majumbani na michi ya kutwangia kahawa wakalivunja lile kufuli mchana kweupe. Aliyetangulia ni Wadha, bibi yake Um Rakan. Kwa hiyo pale kisimani walipangwa wanawake saba wa mawe meusi, mikono juu, na kufuli vipande viwili.

Akaja Daktari Luay, msimamizi mpya wa Nyumba. Daktari wa makaratasi huyu, si wa sindano. Akatazama mchoro ukutani, akasafisha koo.

"Mama, hawa wanawake wanapigana."

"Wanafungua maji, mwanangu."

"Wageni wanakuja. Familia zinakuja. Tunataka kitu cha kupendeza. Hapo tuweke vijiwe vyeupe, kisha jina la Nyumba."

"Jina lako lipo mlangoni tayari, limeandikwa kubwa kuliko mlango. Hicho ni kisima cha bibi yangu na hakitoki."

Um Rakan akikasirika hapigi kelele. Anachukua nyundo anakata mawe, tak, tak, tak, bila kukutazama, mpaka utamani akutukane. Daktari alisimama kwenye ile tak-tak kwa dakika kumi, akaondoka. Kesho yake mama wa watu akakuta kitasa kimebadilishwa. Aliyelifagia jengo, aliyewafukuza paka! Akafundisha wiki nzima kwenye ngazi za nje, watoto wamekaa juani, na mlinzi, ambaye Um Rakan alimfundishia dada zake watatu, anatazama viatu vyake kwa aibu. Mimi niliachwa ndani, kwa kuwa saruji haijui kujimwaga.

Sasa sikilizeni kazi yetu. Picha ya namna hii hupangwa kifudifudi. Vijiwe hubandikwa kwenye kitambaa kwa gundi ya unga, uso chini, na mchoro wa kitambaani huwa umegeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo. Nyuma unamwaga saruji, ikishika unapindua, unabandua kitambaa kwa maji moto. Mtoto wa darasa la kwanza hapa kwetu anajua kwamba cha kulia kiko kushoto. Siku tatu kabla ya sherehe ya kuifunua picha nilikuwa nimeshapaka uji wa kwanza wa saruji, mgongo wote kijivu mtupu, akaingia Daktari na mchoro wake mkononi.

"Kisima kiko kulia. Toa hapa kulia, kabla haijakauka. Jaza vyeupe."

"Hapa, Daktari?"

"Hapo."

"Hapa hapa? Una hakika?"

"Mzee, wewe umesoma mpaka wapi?"

Hapo ndipo aliponiudhi. "Mpaka la tano, Daktari," nikasema, na nikatoa alipoonyesha kidole. Nilibana meno nisicheke. Ndoo mbili nikazimwaga nyuma ya ukuta.

Jumamosi ukajaa ua. Shule mbili, mabibi, watoto mabegani. Um Rakan alisimama nje ya lango, maana ndani hakuruhusiwa. Tukaipindua, sisi wanaume wanane, nikamwaga maji moto, nikabandua kitambaa polepole. Kisima! Wanawake saba, michi juu, kufuli vipande viwili! Vigelegele vikapasuka, mlinzi akaliacha lango wazi, Daktari akawa rangi ya saruji yake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Um Rakan hakucheka. Alikuja akasimama juu ya ule weupe.

"Ngano iko wapi?"

"Um Rakan, nimekuokolea kisima! Huyu bwana kanionyesha mwenyewe..."

"Nimekuuliza, Shahin. Ngano iko wapi?"

"Nyuma ya ukuta. Ah, ngano tu! Vijiwe vya njano, nitakukatia vingine kesho."

"Vya njano." Akafungua kile kitabu chekundu. "Familia kumi na moja, na darasa la kwanza lote. Kizingiti cha bibi Fidda kimo humo, na nyumba yake imeshavunjwa. Utakikata wapi kingine? Huyu aliona kisima ni vijiwe tu. Wewe umeona ngano ni vijiwe tu. Mnapishana nini? Yeye angalau ana suti."

Ua mzima ulisikia. Yule dereva wa masharubu alikuwa mmoja wa wale kumi na moja.

Daktari aliagiza picha ifunikwe turubai. Mabibi wakaketi juu ya picha na vikapu vyao, wakatoa mikate wakala, na hakuna aliyethubutu kuwainua. Picha imebaki wazi. Kitasa cha zamani kimerudi, na Um Rakan naye kwenye meza yake.

Nami tangu siku hiyo nimechuchumaa nyuma ya ukuta na chekeche, nakwangua saruji kwa kisu, vitoto vimenizunguka: "Ami Shahin, hili la nani? Ami, umeruka moja!" Namchukia yule Daktari kila kijiwe ninachookota. Mimi mwenyewe, basi, najichukia kidogo. Vingi vimepatikana. Pengo la kiganja kimoja limebaki, na Um Rakan anasema nilijaze kwa jiwe la nyumbani kwangu.

Juzi nilimpelekea jiwe la ukuta wa marehemu baba, zuri, la manjano ya asali.

"Kisa chake?"

"Baba alilijenga."

"Mwaka gani? Kwa nini hapo? Nani alimsaidia?"

Akanisukumia jiwe langu, akarudi kwenye nyundo yake. Tak, tak, tak.

Nimerudishwa mara mbili sasa. Kesho nakwenda kwa shangazi yangu, na akijifanya amesahau, tutagombana.