Gari Lililokondeshwa na Lumbesa za Viazi

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana ya serikali pale Njombe alinikabidhi nyundo na bati lililobonyea. "Linyooshe," akasema, "lakini usilitwange. Bati likipigwa mno linatanuka, na likitanuka halina nguvu tena." Ndiyo kazi ya bodi hiyo, kurudisha umbo la gari bila kuua uimara wake. Mzee yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini hakuna chuma alichoruhusu kitolewe kwenye gari bila kingine kurudi mahali pake.

Enzi za ruksa zilipoingia, biashara ikaachiwa watu binafsi, karakana ikafungwa, tukapunguzwa kazini. Nikahamia gereji ya mtu binafsi Makambako. Huko nilikuta matajiri wanaagiza magari ya kifahari yaliyotumika Ulaya, kisha wanashindana nani atatangulia kufika Iringa. Tajiri mmoja wa mbao alituletea lake tulikondeshe, yaani tulipunguze uzito lipate mbio. Mazulia yakatoka, tairi ya akiba ikatoka, kiti cha nyuma kikatoka. Ukabaki ukuta wa bati unaotenganisha abiria na buti.

"Bosi," nikasema, "huo ndio unaozuia mzigo usimfuate dereva."

"Mzigo gani? Hili ni lori?" Bosi alinikazia macho. "Mwenye gari kasema utoke. Wewe ni fundi au mjomba wake?"

Nikaweka patasi chini. Akamwita fundi mwingine, na kabla ya chakula cha mchana ukuta ulikuwa kwenye vyuma chakavu.

Mzigo gani! Mtu aliyezaliwa huku kwetu Ubena, nchi ya viazi, anauliza hivyo! Nani aliwahi kutoka Njombe na gari tupu? Wakwe wangekuelewaje? Hata hasira zangu za leo zinaanzia kwenye swali lile.

Haikupita wiki. Tajiri alikuwa Njombe kwa shughuli zake, akanunua viazi vya wakwe, lumbesa tatu, yale magunia yaliyojazwa mpaka yakavishwa kilemba. Wakayabana kwenye buti, nyuma ya pale ulipokuwa ukuta. Dereva wake, Ramadhani, baba wa watoto wawili, akaambiwa atangulie navyo Makambako.

Kwenye mteremko, ndani ya ukungu, akakuta lori la mbao limeharibika katikati ya barabara. Akakanyaga breki. Gari lilisimama vizuri kabisa, halikugusa lori. Viazi havikusimama. Vilimjia mgongoni pamoja na kiti chake, na tangu hapo miguu yake haijasogea.

Tajiri alikuja gereji kuliona gari. Alilizunguka, akapapasa boneti kwa kiganja, akasema, "Tumshukuru Mungu, halina hata mchubuko." Bosi akaitikia amina. Nilitaka kumrushia nyundo. Niliokota zana zangu nikaondoka, na mkono sikumpa mtu.

Sasa nimestaafu, na mgongo wangu mwenyewe unanisumbua siku za baridi. Vijana wenye magari ya mbio bado wananifuata. "Shikamoo mzee, tunaomba utupunguzie uzito kidogo tu." Siwatukani siku hizi. Nawapeleka kwa Ramadhani, nyuma ya stendi, anakoshona viatu akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Anawasimulia yote, nao wanasikiliza kwa adabu, wanampa pole. Kisha wanakwenda kutafuta fundi mwingine, na wanampata.